Namba za Ijumaa za Mama Anuari

"Mama Anuari, hivyo vibati ulivyovitumbukiza humo kisimani, unavifuga au unavizika?"

Lucy ndiye aliyemuuliza hivyo, jirani yetu wa upande wa barabarani. Tulikuwa watatu tumesimama kwenye kisima cha nyuma ya nyumba yake, mwaka ule wa kwanza wa vibati. Kusema tumesimama si kweli, maana mwenye kisima alikuwa amepiga magoti, kichwa karibu kizame ndani, anavuta kamba ya nailoni taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kitandani bila kumwamsha. Hakugeuka.

"Navipima," akasema.

"Unavipima nini? Vinanenepa?"

"Vinakonda, Lucy. Ndiyo kazi yenyewe. Vinakonda, na mimi naandika."

Lucy alicheka mpaka ndoo ikamponyoka. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo mwenye kisima aliisikia vizuri, "Huyu dada, kukaa peke yake kumeshamwingia kichwani." Mama Anuari akaendelea kuandika kwenye daftari lake, akilamba ncha ya penseli.

Jina lake ni Mboni. Ana miaka sitini na mitatu. Mimi, Febronia, nimekuwa jirani yake miaka kumi na tisa hapa Mwankoko, na kati ya mlango wake na wangu kuna ua wa minyaa na njia ya mbuzi tu. Yeye ni mtu wa swala tano, mimi ni mtu wa rozari, na hatujawahi kugombana juu ya hilo wala juu ya jambo lingine. Nikimwamkia shikamoo dada, ananiitikia marahaba mdogo wangu, na anataka kujua nimelalaje kwa kweli, si kwa kuuliza tu.

Marehemu mume wake, Ramadhan, alikuwa mchimba visima wa mikono. Kisima hicho alikichimba yeye, akakijengea pete za zege, na kilipotoa maji akayaonja na kutema. Chumvi. Maji yale hayanyweki. Ni ya kufulia, ya kufyatulia tofali na ya mbuzi. Alifariki miaka minane iliyopita. Mtoto wa kwanza, Anuari, yuko Mwanza na kazi zake. Kauthar ameolewa Tabora. Si watoto wabaya. Wanapiga simu sikukuu, wanatuma salamu na wajao. Lakini kati ya sikukuu na sikukuu kuna siku nyingi sana, na nyumba ile ina vyumba vinne.

Aliwahi kuniambia kwamba kuna siku anamfukuza kuku jikoni jioni, anashtuka kusikia sauti yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kuitumia tangu alfajiri. Alinieleza huku anacheka. Mimi sikucheka, nikamsaidia kupeta uwele.

Vibati vililetwa na Vidhi. Huyo ni binti wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, watu wenye asili ya Kihindi ambao wapo Singida tangu kwa babu yao, na Kiswahili chake ni hiki hiki chetu. Amekua akisikia ugomvi mmoja dukani kwa baba yake. Mteja anarudisha bomba la kisima limetoboka kabla ya miaka miwili, anasema umeniuzia bovu, na baba yake anaapa kwamba bomba ni zima, maji ndiyo makali. Binti akaenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea ugomvi huo. Alipofika ngazi ya kufanya utafiti akachagua visima tisa, kuanzia Utemini mpaka huku kwetu nje ya mji, na kisima cha Mama Anuari ndicho kilichokuwa na chumvi kuliko vyote.

Siku alipokuja mimi nilikuwa shambani, kwa hiyo nayaeleza kama nilivyoelezwa baadaye sana. Alileta vibati vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Cha kwanza chuma kitupu, cha pili chuma kilichopakwa zinki kama mabomba yanavyopakwa, cha tatu shaba. Kila kimoja kilifungwa kamba yake na waya wake, na mahali waya unaposhika pamezibwa kwa gundi ngumu. Vikapimwa uzito kwenye mzani mdogo unaofunikwa kwa kioo ili hata pumzi isiuguse. Vikashushwa majini. Vilitakiwa kukaa miezi thelathini na sita, halafu vitolewe, vipelekwe chuo, vipimwe uzito tena. Kilichopungua ndicho maji yalichokula.

Lakini kungoja miaka mitatu bila kujua kinachoendelea haikumtosha Vidhi. Alimwachia Mama Anuari mita ndogo ya fundi umeme, na kitu wanachokiita kalamu: bomba la plastiki lenye kipande cha shaba ndani, limejaa maji ya mrututu. Mrututu tunaujua, ile dawa ya bluu yenye shaba tunayonyunyizia nyanya. Akamwonyesha kwamba chuma kikiwa kwenye maji ya chumvi kinakuwa na umeme mdogo sana, mdogo kuliko wa betri ya saa. Waya mwekundu unagusa kibati, waya mweusi unagusa kalamu, kalamu inashushwa majini, na mita inatoa namba. Namba hiyo inasema chuma kiko katika hali gani leo.

Mama Anuari hakuamini kwamba chuma kinaweza kuondoka kwa namna hiyo. Vidhi akatia mrututu kwenye glasi ya maji, akachovya msumari mweupe, wakahesabu mpaka sitini pamoja. Ukatoka mwekundu.

"Huu ni uchawi," Mama Anuari akasema.

"Si uchawi, mama. Chuma kidogo kimetoka kimeingia kwenye maji, na shaba iliyokuwa kwenye maji imekuja kukaa pahali pake."

"Na chuma kilichotoka kimekwenda wapi?"

"Kimo humo humo. Huwezi kukiona."

Jibu hilo lilimkaa sana Mama Anuari. Alinirudia nalo mara nyingi.

Basi kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri alifungua mfuniko wa kisima, akapiga magoti, akapima, akaandika namba tatu. Saa kumi na nusu simu yake ikalia. Anatumia kiswaswadu, simu ile ndogo ya vitufe, na kwa kuwa sikio la kulia ni zito anaweka sauti kubwa, kwa hiyo maongezi yale niliyasikia mara nyingi nikiwa upande wangu wa minyaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Haya, namba."

Anasoma. Moja, mbili, tatu. Mwenzake anazirudia huku anaandika. Halafu zinabaki dakika mbili au tatu ambazo hazikuwa za namba. Umekula nini leo, mama? Mgongo? Mvua? Na wewe unakula, maana hawa wa chuo wanakonda kuliko vibati vyangu? Wanacheka. Wanaagana. Mama Anuari anakaa na simu mkononi kitambo kidogo baada ya kukatika.

Sikuwahi kumwona akiikosa Ijumaa. Hata alipoumwa homa alikwenda kisimani na kanga mbili mabegani. Alikuwa akioga na kubadilisha nguo kabla ya saa kumi, kama mtu anayepokea mgeni. Siku nyingine za wiki zilikuwa za kuifikia hiyo.

Mwezi wa thelathini na moja ulipoingia, alipata habari kwamba mdogo wake Anifa, aliyeko Kintinku, ameanguka na hawezi kujigeuza kitandani. Akajiandaa siku hiyo hiyo. Alimpigia Vidhi kumweleza kwamba atakosa Ijumaa kama mbili, Vidhi akasema hakuna shida, mama, muuguze mgonjwa, vibati vipo. Kwangu akaja na funguo.

"Mdogo wangu, nakukabidhi nyumba, mbuzi wanne, kuku, na kisima pamoja na vilivyomo."

"Nenda salama dada. Utavikuta vyote."

Alikaa wiki tatu.

Hapa ndipo penye yangu, na nitapaandika kama palivyokuwa. Mama yangu mzazi alinilea hivi: chombo cha mtu kikiwa mikononi mwako, unakirudisha kimesuguliwa. Ukiazima sufuria yenye masizi unairudisha inang'aa, hata kama ulipewa ikiwa nyeusi. Ukimtunzia mtu nyumba, anarudi anakuta uwanja umefagiliwa na mitungi imeoshwa. Kwetu mtu anayerudisha kitu kama alivyokipokea anaonekana hakushukuru kuaminiwa. Kwa hiyo wiki ya mwisho nilifagia, nikasiriba ukuta wa jiko kwa udongo, nikaosha hata taa. Nilipokwenda kuteka maji ya mbuzi nikaona zile kamba tatu. Nikazivuta.

Vibati vilikuwa vibaya kutazama. Kimoja kimevimba kutu ya njano na nyekundu kama kidonda. Cha pili kina ukoko mweupe. Cha shaba kimekuwa kijani. Nikasema moyoni, maskini dada, pamoja na kuvipenda vile, macho yake hayaoni tena vizuri. Nikakaa chini na majivu, mchanga wa mtoni na gunzi la mahindi. Nilivisugua kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Kile cha shaba niliweza kujiona meno. Nikavirudisha majini kwa adabu, kila kimoja na kamba yake, na nikamshukuru Mungu kwa kunipa la kumfurahisha mjane mwenzangu.

Alirudi Alhamisi, amechoka, Anifa anaendelea vizuri. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka kisimani kabla hajavua viatu. Nikavuta kamba.

Alivitazama. Akakishika cha pili, akakipitisha kidole gumba, juu mpaka chini. Nilingoja.

"Umefanya kazi kubwa, mdogo wangu," akasema. "Ahsante."

"Si kitu dada. Vilikuwa vimechafuka mno."

"Nimeona."

Akaingia ndani. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Kesho yake Ijumaa nilikuwa uwanjani kwake namenya mbaazi simu ilipolia. Akasoma namba.

"Rudia cha pili, mama."

"Hasi elfu moja na kumi."

"Mama, mara ya mwisho kilikuwa hasi mia saba na tisini. Kilianza kwenye elfu moja na ushei, kimekuwa kikishuka pole pole mwaka mzima, zinki inakwisha. Chuma hakirudi ujana. Betri ya mita ni nzima?"

"Nimeweka mpya."

"Kalamu haijakauka?"

"Maji yake yapo, ya bluu."

"Kuna kitu kimebadilika hapo kisimani?"

Mama Anuari aliinua macho akanitazama. Mimi nikamtabasamia, mikono imejaa maganda ya mbaazi.

"Sijui, mwanangu," akasema.

Jioni ile hakupika. Nilijua kwa kuwa sikuona moshi. Jumamosi vile vile. Jumatatu nilimpelekea uji akaupokea mlangoni, akasema ahsante, akafunga. Nilianza kujiuliza kama Anifa amefariki na yeye ananificha. Ikapita Jumanne, ikapita Jumatano. Alhamisi mchana alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda changu, akaniambia yote: nilichokisugua kilikuwa ni nini, kwa nini kilitakiwa kibaki kama kilivyo na kutu yake na ukoko wake, na mchanga wangu umeondoa kiasi gani ambacho sasa hakuna mzani unaoweza kusema hiki kililiwa na maji na hiki kililiwa na Febronia.

Sikuwa na pa kuweka uso wangu. Nililia. Yeye ndiye aliyenibembeleza, mwenye hasara akimbembeleza aliyeitia.

Halafu nikasema jambo ambalo nimekwisha kuliungama kwa padri, kwa hiyo naweza kuliandika. Nikasema, "Dada, tunyamaze. Ile chumvi ilivyo kali, kabla ya miezi mitano kutu itakuwa imerudi. Nani atajua?"

"Kutu itarudi," akasema. "Uzito hautarudi. Watavipima watakuta vimepungua sana. Au watasoma zile namba waone zinki imefufuka. Wataandika kwenye karatasi kwamba Mwankoko bomba linakaa hivi, na kuna mtu atachimba kisima kwa karatasi hiyo. Ramadhan alikuwa akisema ukimdanganya mtu juu ya maji umemdanganya na watoto wake."

"Basi niache nimwambie mimi. Kosa ni langu."

"Ulikabidhiwa na mimi bila kuelezwa. Nilikuwa na haraka." Akakunja ncha ya mtandio, akaikunjua. "Febronia, siogopi kumwambia. Ninaogopa baada ya kumwambia. Nikishasema, kisima changu si kisima tena. Hana sababu ya kupiga. Nimekaa siku sita nikilijua neno la kusema, na kila nikitaka kulisema naziona hizo Ijumaa zilizobaki. Miezi mitano. Nilikuwa nimezihesabu, zilikuwa ishirini na mbili."

Nilimwambia mimi nipo. Akanishika goti, akasema anajua. Lakini alisema hivyo kama unavyomwambia mtu aliyekuletea shuka wakati ulihitaji dawa, na sikuumia, kwa kuwa najua mimi ni jirani wa miaka kumi na tisa, nimekwisha kuyasikia yake yote. Yule binti alikuwa akimuuliza mambo upya kila wiki.

Ijumaa akaniomba niwepo. Akaswali, akaoga, akabadilisha nguo. Hakwenda kisimani. Tukakaa kwenye mkeka, simu katikati yetu. Ilipolia aliiacha iite mara tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sina namba. Nina neno."

Akalisema lote, bila kulizungusha. Alisema vilisuguliwa kwa majivu, mchanga na gunzi, tarehe fulani, saa nne mpaka saa sita. Alisema Ijumaa iliyopita alipoulizwa alijua akajibu hajui, na kwamba huo ulikuwa uongo. Jina langu hakulitaja. Alisema "kwenye mikono yangu". Nilipotaka kusogea kwenye simu niseme ni mimi, aliniwekea kiganja kifuani.

Kule Dar es Salaam tulisikia pikipiki zikipita, kisha mlango ukifungwa.

"Miezi thelathini na moja, mama," Vidhi akasema.

"Thelathini na moja na siku mbili."

"Kisima chako ndicho nilichokuwa nakitegemea. Vingine maji yake ni laini, havionyeshi kitu." Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejizuia kulia. "Cha shaba pia?"

"Vyote vitatu."

Akapumua. Tukasikia karatasi zikifunuliwa. Aliporudi alikuwa mtu wa kazi. Alisema namba zote mpaka Ijumaa ya kabla ya safari ya Kintinku zitabaki, ni nzuri, hakuna aliyemletea namba safi kama zile. Baada ya tarehe hiyo atachora mstari na kuandika sababu. Vibati havitapimwa uzito. Mwalimu wake hatakubali kisima kiendelee, na yeye mwenyewe hawezi kukiombea. Atamtuma mtu kutoka dukani kwa baba yake, aje achukue vibati, mita na kalamu, Jumatatu.

"Sawa, mwanangu."

"Nakushukuru umesema, mama. Ungeweza kunyamaza."

"Nilinyamaza wiki moja."

"Wiki moja naiweza." Hapo akacheka kidogo, pua imeziba. "Haya. Basi, mama. Nadhani ndiyo hivyo."

Nilimwona Mama Anuari akiichukua simu kutoka kwenye mkeka na kuileta karibu na mdomo, ingawa sauti ilikuwa kubwa na hapakuwa na haja. Mkono wake mwingine ulikuwa umelishika daftari, limefungwa.

"Vidhi, mwanangu, namba zimekwisha, najua. Nakuomba Ijumaa uwe unanipigia hivyo hivyo."